Bodi ya shule Kentucky: mzazi afuatilieje uamuzi kabla kura haijapigwa?

Mama Furaha, Louisville

Wazazi wenzangu, shikamooni mlio wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba kueleweshwa na wanaojua, maana naona wengi tumekwama mahali pamoja.

Karibu shule zote za serikali za kaunti yetu ya Jefferson ziko chini ya bodi moja, ile ya distrikti ya shule ya JCPS (Jefferson County Public Schools). Mambo ya mabasi, mipaka ya shule, saa ya kuanza masomo: wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili huyapata kwenye ujumbe wa simu yakiwa yamekwisha. Maswali yangu ni haya. Habari za kikao zinawekwa wapi na zinasomwaje? Asiye raia anaruhusiwa kusema mbele ya bodi? Mkalimani anaombwa vipi? Na kama shule inasema "hilo si letu, ni la bodi", halafu bodi inasema "hilo ni la shule", mtu afanyeje?

Tafadhali hatua kwa hatua. "Nenda kwenye tovuti" nimeshaambiwa.

---

Karani wa Vikao

Mama Furaha, marahaba. Kosa linaloanzia yote ni kungoja siku ya kura. Ile ni siku ya kupiga muhuri tu. Jambo kubwa hupita kwanza kwenye kikao cha kazi, ambako wajumbe huelezwa na kuuliza lakini hawapigi kura, kisha ndipo liende kwenye kikao cha kawaida. Sera mpya nayo husomwa mara ya kwanza, halafu hurudi kikao kingine kwa kupitishwa. Nafasi ya mzazi iko hapo katikati.

Ajenda iko kwenye ukurasa wa bodi wenyewe, si ule ukurasa wa mbele wa distrikti wenye picha za watoto. Ukiifungua utaona vichwa vifupi visivyosema kitu, mfano "Kuidhinisha mkataba wa huduma". Usiishie kwenye kichwa. Kila kipengele kina viambatisho, na humo ndimo mambo yalimo: jina la kampuni, kiasi cha fedha, tarehe ya kuanza, na pendekezo la supaintendenti, yaani mkuu wa distrikti nzima ya shule. Mimi husoma kwa mpangilio huu: pendekezo, gharama, tarehe ya kuanza kutumika, kisha ramani au jedwali kama lipo. Maelezo marefu ya mwanzoni soma mwisho, yameandikwa ya kupendeza.

Angalieni sana sehemu inayoitwa konsenti. Ni furushi la vipengele vinavyopitishwa kwa kura moja, bila mjadala, kwa dakika chache. Vingi ni vya kawaida kweli (safari za wanafunzi, ukarabati wa paa), ila mkataba wenye uzito nao unaweza kuwa humo. Mjumbe mmoja anaweza kuomba kipengele kitolewe kwenye furushi kijadiliwe peke yake. Kwa hiyo barua pepe yako iwe fupi na ya mapema: namba ya kipengele, jambo linalokusumbua kwa sentensi mbili, na ombi lako kwamba kitolewe kwenye konsenti. Usipotaja namba ya kipengele, barua yako itapata jibu la shukrani na basi.

Mjumbe wako ni yupi? JCPS ina wajumbe 7, kila mmoja na eneo lake, na hupatikana kwa anwani ya nyumba yako, si kwa mahali shule ilipo. Mtoto anaweza kusoma mashariki mwa mji na mjumbe wako akawa wa magharibi. Mwandikie wa nyumbani kwako kwanza, nakala kwa wa eneo la shule. Distrikti nyingine za Kentucky zina wajumbe 5.

Kuhusu kusema mbele ya bodi: uraia hauulizwi. Tangu 2022 sheria ya jimbo inataka kila kikao cha kawaida kiwe na angalau dakika 15 za maoni ya wananchi, isipokuwa kama hakuna aliyejiandikisha. Dakika 15 hizo ni za wote, kwa hiyo wakiwa wengi kila mtu hupata kidogo. Utaratibu wa kujiandikisha na muda wa mwisho huwa umeandikwa kwenye ukurasa wa bodi au mwanzoni mwa ajenda. Ukichelewa kujiandikisha hata kwa saa moja, jina halisomwi.

Jambo moja nisilisahau, maana ni hatari. Kusema mbele ya bodi ni haki ya yeyote, lakini kuchagua wajumbe wa bodi, Novemba ya miaka inayogawika kwa mbili, ni kwa raia waliojiandikisha kupiga kura tu. Asiye raia asikubali kujazishwa fomu ya kura, hata kama aliyeshika kalamu anatabasamu. Inaweza kumharibia faili lake la uhamiaji.

---

Mkalimani wa Zamu

Naongezea upande wa lugha.

Msingi ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, Kifungu cha Sita: taasisi inayopokea fedha za serikali kuu haiwezi kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1974, kwenye kesi ya Lau dhidi ya Nichols, ilikubali kwamba kumwacha mtoto darasani asielewe lugha ni kuvunja sheria hiyo. Kwa mzazi maana yake ni kwamba habari muhimu za shule zimfikie kwa lugha anayoielewa, na asitozwe pesa ya mkalimani. Tena mkalimani asiwe mtoto wako. Mtoto wa miaka 12 hawezi kukutafsiria habari ya yeye mwenyewe kufukuzwa shule.

Ombi la mkalimani liandike, usiishie kwa mdomo. Taja tarehe ya kikao, lugha, na aina ya Kiswahili. Hili la mwisho watu hulipuuza. Mzazi wa Fizi au Uvira na mkalimani wa Mombasa wataelewana mengi, lakini kwenye maneno ya shule na ofisi wanaweza kupishana, kwa kuwa mmoja amesomea Kifaransa na mwingine Kiingereza. Kama unaongea Kinyarwanda au Kibembe vizuri zaidi, sema hivyo. Kuna wanaoandikiwa "Kiswahili" kwenye fomu ya lugha ya nyumbani kwa sababu tu ndilo jina ambalo karani alilitambua, kisha kila karatasi hutumwa kwa lugha ambayo bibi nyumbani haisomi.

Ukipanga kusema mbele ya bodi, uliza mapema kwa maandishi: muda wa tafsiri unahesabiwa ndani ya muda wangu au nje? Kama ni dakika 3 na tafsiri imo ndani, una dakika moja na nusu tu. Hiyo ni kama maneno 130 ya Kiswahili kwa mwendo wa kawaida, yaani aya mbili fupi. Mpe mkalimani karatasi yako siku moja kabla. Anza na ombi ("Naiomba bodi iahirishe kipengele fulani"), sababu zifuate. Watu wetu tumezoea kuanza na salamu, shukrani, historia, ndipo tufike kwenye shida. Kengele hulia tukiwa bado kwenye shukrani.

Na kuna mitego ya maneno. Neno "board" programu za simu hulitafsiri "ubao". Neno "district" lina maana mbili kwenye ukurasa mmoja: distrikti nzima ya shule, na eneo la mjumbe mmoja. Lakini mtego mbaya kuliko yote ni "table". Kenya na Tanzania tulifundishwa kwamba "to table" ni kuwasilisha hoja mezani ijadiliwe. Marekani ni kinyume chake kabisa: ni kuiweka kando, kuiahirisha. Ukisikia mjumbe amesema hivyo, usipige makofi kabla ya kujua uko upande gani.

---

Baba Ebenezeri

Mengi yaliyosemwa ni sawa, ila mnaanzia juu mno. Theluthi kubwa ya malalamiko ninayoyasikia si ya bodi. Kentucky ina baraza ndani ya shule yenyewe, lile la herufi SBDM (School-Based Decision Making, yaani maamuzi yanayofanywa shuleni), lililoletwa na mageuzi ya elimu ya 1990. Muundo wake wa kawaida ni walimu 3, wazazi 2 na mwalimu mkuu. Hesabuni kura! Wazazi 2 kati ya watu 6, na uchaguzi wao huwa na wapiga kura wachache mno. Familia 15 zikiamua kwenda, zinaweza kumweka mtu wao.

Mgawanyo, kwa ufupi. Baraza la shule huamua sera za shule ile: ratiba ya siku ndani ya saa zilizopangwa na bodi, namna wanafunzi wanavyogawiwa madarasa, nidhamu, matumizi ya nafasi, idadi ya wafanyakazi kwa kila kazi kwa fedha walizopewa. Bodi ya kaunti huamua mabasi, mipaka, majengo, kalenda, kodi na bajeti nzima. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na mamlaka ya mwisho juu ya mitaala pamoja na uteuzi wa mwalimu mkuu yakaenda kwa supaintendenti, baada ya kushauriana na baraza. Kwa hiyo anayekwambia "baraza ndilo linaajiri mwalimu mkuu" anakupa habari ya zamani.

Uchaguzi wa wazazi wa baraza si uchaguzi wa serikali. Mzazi, mzazi wa kambo, mlezi wa kisheria, wote hupiga kura bila kujali uraia. Kugombea pia, ila usiwe mfanyakazi wa shule hiyo wala ndugu wa karibu wa mfanyakazi wake. Mjumbe mpya husoma mafunzo ya saa 6, aliyewahi kuwa mjumbe saa 3. Na kama wanafunzi wa jamii za walio wachache ni asilimia 8 au zaidi ya shule, baraza lazima liwe na mjumbe kutoka jamii hizo. Uchaguzi wa kawaida usipomleta, hufanywa mwingine wa kumwongeza. Uliza shule yako tarehe ya uchaguzi mwezi wa Machi, kwa kuwa wengi hufanya majira ya kuchipua.

Mwezi huo wa Machi una maana nyingine pia. Kabla ya Machi 1 kila shule inatakiwa iwe imepewa makadirio ya walimu wa mwaka unaofuata. Ukitaka kujua kama mwalimu wa Kiingereza kwa wageni atabaki au atapunguzwa, kikao cha baraza cha Machi ndicho cha kuhudhuria. Agosti utamkuta hayupo, na utaambiwa bajeti imeshafungwa.

---

Karani wa Vikao

Baba Ebenezeri yuko sawa kuhusu Machi. Niunganishe na bajeti ya kaunti, kwani tarehe zake ziko kwenye sheria na hazina siri: bodi hupitia rasimu ifikapo Januari 31, bajeti ya awali hupitishwa ifikapo Mei 30, na bajeti ya kutekelezwa ifikapo Septemba 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mzazi anayejitokeza Septemba kudai basi la mtaa anaomba nyama kwenye sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Mfano wa wazi ni wa mabasi, na wengi humu wanaukumbuka. Agosti 9, 2023, siku ya kwanza ya masomo, JCPS ilianza na njia mpya zilizopangwa kwa sababu ya upungufu wa madereva. Watoto wa mwisho walifika nyumbani karibu saa 4 usiku, na shule zikafungwa zaidi ya wiki kupanga upya. Aprili 2024 bodi ikapiga kura kuondoa mabasi kwa shule nyingi za magnet (zenye masomo ya pekee) na za mfumo wa "traditional" (wa kufuata desturi za zamani) kwa mwaka wa 2024–25, ikigusa wanafunzi kama 16,000. Sasa linganisha kalenda mbili: maombi ya shule hizo hufungwa miezi kadhaa kabla ya Aprili. Wazazi walichagua shule kwanza, wakajua habari ya basi baadaye. Ndiyo maana nasema ukijaza maombi ya shule ya mbali, tafuta kwenye ajenda za vikao vya kazi vya majira hayo neno "transportation" na usome taarifa ya idadi ya madereva na njia. Njia zikizidi madereva, jua kuna kitu kitakatwa.

---

Mama Furaha, Louisville

Asanteni sana. Nimeelewa tofauti ya baraza na bodi, hilo lilikuwa linanichanganya kabisa. Maswali ya nyongeza mawili: (a) kuna watoto ambao basi lao halikatwi hata bodi ikipiga kura? (b) ukitaka nyaraka ambazo hazipo kwenye ajenda, kwa mfano idadi ya siku basi namba fulani lilichelewa, unaombaje?

---

Kalamu Nyekundu

(a) Ndiyo, na ni kwa sheria za serikali kuu. Mtoto asiye na makazi ya kudumu, pamoja na familia zinazolala kwa ndugu kwa kukosa nyumba, ana haki ya usafiri hadi shule aliyokuwa akisoma, chini ya sheria ya McKinney-Vento. Familia nyingi zilizofika karibuni na kubanana nyumba moja zimo kwenye kundi hili bila kujijua. Kila distrikti ina ofisa wa jambo hili, mwulize kwa jina la sheria hiyo. Kundi la pili ni mtoto mwenye ulemavu ambaye mpango wake wa elimu maalumu, ule wa IEP, umeandika usafiri kama huduma. Hapo neno ni *umeandika*. Kama mwalimu alikubali kwa mdomo kwenye mkutano lakini haumo kwenye karatasi, hauna basi.

(b) Sheria ya nyaraka za umma ya Kentucky. Tangu 2021 haki hii ni ya mkazi wa jimbo, na ukazi hapo si uraia. Kwenye ombi andika sentensi moja kwamba unaishi Kentucky, maana bila hiyo wanaweza kukurudishia. Andika jina lako, jinsi ya kukupata, nyaraka unazozitaka, na tarehe, kisha uliwasilishe ombi kwa ofisa wa nyaraka wa distrikti, barua pepe inatosha. Wana siku 5 za kazi za kukujibu. Nakala ya karatasi kwa kawaida ni senti 10 kwa ukurasa. Ukiomba kwa barua pepe mara nyingi hulipi kitu.

Kinachoharibika hapa karibu kila mara ni kimoja: watu huuliza swali badala ya kuomba nyaraka. "Kwa nini basi letu linachelewa?" ni swali, na sheria haiwalazimishi kujibu maswali wala kutengeneza jedwali ambalo hawana. Andika hivi: "Naomba kumbukumbu za muda wa kufika shuleni za basi namba fulani, kuanzia Agosti 15 hadi Septemba 30." Nyaraka za aina moja, kipindi chenye mwanzo na mwisho, kitu kinachotambulika. Ukiomba "kila kitu kuhusu mabasi" utaambiwa ni mzigo kupita kiasi, na kusema kweli watakuwa na haki.

Wakikataa, lazima wataje kifungu. Unaweza kukata rufaa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo bila wakili: nakala ya ombi lako na nakala ya jibu lao, basi. Anatoa uamuzi ndani ya siku 20 za kazi. Weka kila kitu kwa maandishi tangu mwanzo, vinginevyo huna cha kuambatisha.

Ila rekodi za mtoto wako mwenyewe usizipitishe huku. Hizo zina sheria yake, FERPA, na shule ina hadi siku 45 kukuonyesha.

---

Msafiri wa Columbus

Tahadhari kwa walio nje ya Kentucky: msinakili siku hizi. Texas kipimo ni siku 10 za kazi. Huku Ohio sheria ya nyaraka haitaji idadi ya siku, inasema "muda unaofaa" tu, na huo muda unaofaa unaweza kuwa mrefu kuliko Kwaresima. Baraza la SBDM nalo ni la Kentucky, msilitafute kwingine kwa jina hilo.

---

Mzee wa Kona

Mmesahau vikao vya ghafla na vya faragha.

Kikao maalumu kinaweza kuitishwa, lakini taarifa ya maandishi yenye ajenda itolewe angalau saa 24 kabla, na hawaruhusiwi kujadili kisichokuwemo. Omba kwa maandishi kuwekwa kwenye orodha ya wanaotumiwa taarifa hizo kwa barua pepe. Faragha nayo ina mipaka: kesi mahakamani, ununuzi wa ardhi, kuajiri au kumwadhibu mtu mmoja, na machache mengine. Mwenyekiti lazima aseme sababu hadharani kabla ya kufunga mlango, na kura ya mwisho haipigwi ndani. Mipaka ya shule si jambo la faragha.

Ukiona imevunjwa, malalamiko humwendea mwenyekiti kwa maandishi: nini kilivunjwa, na unataka warekebishe vipi. Ana siku 3 za kazi kujibu. Asipojibu au akikataa, una siku 60 kwenda kwa Mwanasheria Mkuu. Wengi huruka ile barua ya kwanza wakaenda moja kwa moja juu, na faili linarudishwa.

---

Mama Furaha, Louisville

Nimepata. Ajenda ya Jumanne nimeifungua sasa hivi, ile ya mabasi ipo kwenye konsenti, viambatisho viwili. Namba ya kipengele ninayo, namwandikia mjumbe usiku huu.

---

Karani wa Vikao

Vizuri. Kabla hujatuma, fungua kiambatisho cha pili. Jedwali la mitaa huwekwa huko mara nyingi, na mjumbe atakuuliza mtaa gani.